"Alikataa kuzungumza": makala za zebaki na mchomaji wa Rwamgasa

Ukisoma makala kuhusu zebaki kwenye machimbo ya Geita, kuna sentensi utaikuta tu: "mchimbaji mmoja alikataa kuzungumza." Mwandishi anaiacha hapo na kuendelea zake, kana kwamba ukimya ni ushahidi wa uovu. Kwangu mimi, hapo ndipo makala inapofeli.

Chukua Rwamgasa. Mwaka 2003 watafiti wa mradi wa zebaki wa UNIDO walipima damu, mkojo na nywele za watu wa pale, wakawalinganisha na watu wa Katoro. Walioonekana kuathirika zaidi ni wachomaji, wale wanaoweka mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye moto. Miaka imepita, zebaki bado ipo mwaloni. Leo unafika wewe na simu yako, maswali ni yaleyale. Akuchangamkie kwa lipi?

Halafu swali lenyewe: "Unajua zebaki ni sumu?" Akisema hapana ni mjinga, akisema ndiyo ana kosa. Mwenye duara akiwa amesimama pembeni ndiyo kabisa, utaambiwa glavu zipo na mambo ni safi. Mwandishi wa kujitegemea, ambaye hana ofisi ya kumlipia nauli ya kurudi wiki ijayo, anaondoka na jibu hilo hilo.

Mchomaji huyohuyo muulize kazi yake, pembeni, bila bosi. Anajuaje kama zebaki imeisha kwenye dhahabu? Mvua ikinyesha anachomea wapi? (Akijibu "ndani, jikoni", habari yako umeshaipata.) Kisha omba mzigo upimwe kwenye mizani kabla na baada ya moto. Kama anachoma wazi, bila chombo cha kunasa mvuke, uzito uliopungua karibu wote ni zebaki iliyokwenda hewani. Hapo hakuna aliyelazimishwa kukiri kitu.

Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 ilihoji zaidi ya watu 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi migodini, na majina ya watoto ilificha. Makala nyingi za kwetu nazo huficha jina, ila zinataja mwalo, umri, idadi ya watoto wake, na picha ya mikono juu. Kwa maelezo hayo, mwenye duara anamtambua mtu wake kabla hajafika aya ya pili, na kesho yake kazi hakuna.