Mizani 12 za Mtaa wa Kongo

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, husomwa vyema zaidi kwa kuanza na sauti. Kijana amepanda juu ya kigoda, nguo za mtumba zimerundikwa mbele yake juu ya turubai, naye ananadi: "Elfu mbili mbili, chagua mwenyewe!" Tuhesabu. "Elfu mbili mbili" ni mizani 6. "Chagua mwenyewe" ni 6 pia. Huu ni mshororo kamili wa vipande viwili vilivyolingana, uliokatwa na pumzi pale pale ambapo malenga angeukata. Hauna vina, wala hauvihitaji, kwa kuwa takriri ya bei imekwisha kulishika sikio.

La kuangaliwa kwa makini zaidi ni kile ambacho mshororo umekiacha. Hautaji bidhaa. Nomino imeachiwa rundo, na macho ya mpita njia ndiyo yanayoikamilisha sentensi. Kipande cha kwanza kinaifunga bei. Cha pili kinamkabidhi mteja kazi yote ya kuinama, kupekua, kuikunjua blauzi, kuikagua kwapani na kuijaribu zipu. Hapo ndipo unafuu unapozaliwa: muuzaji hapangi, hapigi pasi, habishani, na gharama ya kazi hiyo haimo katika ile elfu mbili. Fani na bei zimefinyangwa pamoja.

Siku hizi miito mingi ya kunadi imerekodiwa na kurudiwa na spika bila kikomo. Naiona ni hasara kubwa ya kisanaa. Mnadi hai humwona mama aliyepunguza mwendo, akamgeuzia mshororo wake. Huliona wingu, akashusha bei kabla ya mvua. Spika ina takriri tupu, isiyo na hadhira.

Juu ya kila rundo kuna mwamvuli, na kivuli chake ndicho kinachochora mpaka wa himaya ya mnadi mmoja na mwingine. Jengo la soko kuu la jirani, lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, nalo liliezekwa kwa miamvuli, ya zege. Mtaa na msanifu wamelijibu jua lile lile kwa umbo moja.

Hatua chache kutoka rundoni, utanzu unabadilika. Shati lililopigwa pasi na kutundikwa kwenye henga halina mshororo, lina tamthilia.

"Kaka, hili bei gani?"

"Elfu kumi na tano, dada angu. Maongezi yapo."

"Nina nane."

"Maongezi yapo" huitangaza bei ya kwanza kuwa rasimu, hata kabla mteja hajalalamika. Naye dada hasemi shati limechakaa; anausema mfuko wake, na kwa uteuzi huo hakuna bidhaa wala mtu aliyevunjiwa heshima. Kisha anaondoka bila kugeuka. Kuondoka huku ndiko kilele, kwani kunampa muuzaji nafasi ya kushuka bila kuonekana ameshindwa: "Dada, njoo basi, lete kumi!" Ustadi wote umo katika kipimo cha hatua. Zikiwa chache mno, muuzaji hana sababu ya kuita. Zikizidi, dada amekwishaingia chini ya mwamvuli wa pili, na mwenye henga mwingine anamkaribisha.