Meursault na Lile Taulo Lililoloa

Wengi husema Meursault, msimulizi wa L'Étranger ya Albert Camus (1942), hana hisia. Mimi nakataa. Jamaa ana hisia tele, ila zote ziko kwenye ngozi.

Hebu mfuatilie. Usiku wa kukesha na maiti ya mamake, anakunywa kahawa ya maziwa, anavuta sigara, mwanga wa taa unamuumiza macho. Siku ya maziko ni joto na lami inayoyeyuka. Kazini, kinachomkera ni taulo la kunawia, maana jioni huwa limeloa. Marie akiondoka, anatafuta harufu ya chumvi ya nywele zake kwenye mto; akimuuliza kama anampenda, anamjibu kwamba swali hilo halina maana.

Halafu ufukweni, jua lilelile la siku ya kumzika mama. Linamulika kwenye kisu, linamchoma machoni, anafyatua risasi. Moja, kisha nne zaidi.

Tulipomzika babu sikulia. Nakumbuka vumbi na harufu ya mikaratusi, basi. Shangazi akaniuliza kama nina roho kweli. Kwa hiyo nilikuwa upande wa Meursault kabisa, mpaka nikashtuka: huyu anakumbuka hadi unyevu wa taulo, lakini aliyemuua hana jina. Ni Mwarabu tu. Ilibidi Kamel Daoud, mwandishi wa Algeria, aandike riwaya nyingine mwaka wa 2013 ndipo akaitwa Musa.

Kutolia matangani namwelewa. Hilo la jina siwezi kumtetea.