Bati Lililokunjwa Bila Nyundo

Paa la mabati huvuja pembeni kabla ya kuvuja katikati. Huvuja kwenye kofia, kwenye bonde ambamo miteremko miwili inakutana, kwenye upenu, na zaidi ya pote pale bati linapogota ukuta uliopanda juu yake. Bati la migongo hutoka kiwandani limeshakunjwa, fundi akalipandisha, akalipanga na kulipigilia. Pembeni mambo ni mengine, kwa sababu kila nyumba ina pembe yake na kila ukuta una kombo lake. Hapo ndipo bati bapa linapotakiwa kukunjwa kwa kipimo cha nyumba hiyo hiyo, na hapo ndipo mashine ya kukunjia ya kubebeka inapostahili kuchambuliwa: inafanya nini ambacho nyundo haifanyi, na ikifika Mji Mkongwe wa Unguja ifanyishwe kazi gani.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo. Sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio ulioamua kwamba vyumba vingi viwe na upana wa mita tatu hivi. Nyumba za Kiarabu za zamani zilikuwa na paa bapa la zege la chokaa, na maji yakatolewa nje kwa milizamu iliyotoboa ukingo wa paa. Unguja inapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa yake inamwagika wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Paa bapa linahimili mvua hiyo likitunzwa kila mwaka. Likiachwa miaka miwili mitatu, linaanza kunywa. Bati la migongo lilibuniwa London mwaka 1829, na lilipofika kisiwani katika karne hiyo hiyo watu walilipandisha juu ya zege lile lile la zamani. Maji yakazuiwa katikati ya paa, lakini ukingo ukawa na maungio mapya ambayo waashi wa chokaa hawakuwahi kuyafikiria. Na ukuta wa namna hii ukishaingia maji kutoka juu, haukauki kwa siku moja. Udongo unaoshwa, chokaa inalainika, na kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani kinaoza bila mwenye nyumba kukiona.

Fundi bati wa Unguja anajua kukunja tangu zamani. Koroboi, makopo ya maji, majiko na milizamu ya bati vimetoka mikononi mwake kwa mkasi, nyundo ya mbao na kipande cha chuma cha kupigia. Akitaka ukanda mrefu hubana bati kati ya vyuma viwili vya pembe, kisha hulilaza kwa kulipiga kidogo kidogo kutoka ncha hadi ncha. Kwa bati la chuma njia hii inafaa, na wako mafundi wanaoifanya vizuri sana. Ila kwa alumini laini ya nusu milimita, kasoro yake inajitokeza haraka. Kila pigo linaitanua alumini kidogo pale nyundo ilipotua. Mapigo mia yanauacha mkunjo ukiwa mrefu kuliko sehemu iliyobaki ya bati, na urefu huo uliozidi hauna pa kwenda, basi unajitokeza kama mawimbi. Fundi akijaribu kuyanyoosha mawimbi kwa nyundo, anayaongeza.

Mashine ya kukunjia haina pigo. Ina taya mbili ndefu zinazobana bati kwa urefu wake wote, na mbele ya taya kuna ubapa wa chuma uliofungwa kwa bawaba ndefu, ambao fundi anaunyanyua kwa mikono miwili. Bati linapinda mahali pamoja na kwa wakati mmoja, bila sehemu yoyote kutanuliwa kuliko nyingine. Siri yote ni hiyo. Mashine za karakana zimefungwa sakafuni na zinakunja chuma kinene. Ya kubebeka imetengenezwa kwa sehemu kubwa kwa alumini, inakaa juu ya miguu ya kukunja, na watu wawili wanaishusha garini na kuiweka uwani. Marekani, ambako kampuni kama Tapco na Van Mark zinaziunda, kazi yake kubwa ni kuvika mbao za nje za nyumba ili zisipakwe rangi kila baada ya miaka michache. Zipo ndefu za kupita futi 14. Kwa vichochoro vyetu ya futi nane inatosha, maana iliyo ndefu zaidi haitapita kona, na bati bapa tunalonunua ni la futi nane kwa nne.

Tuchukue kazi moja ya kawaida, ya nyumba mpya ya Mbweni au Kiembesamaki, nje ya Mji Mkongwe: kuvika ubao wa upenu wenye upana wa milimita 200, ule ambao mafundi huuita fisha bodi. Ukanda wa alumini unahitaji milimita 30 za kulala juu ya ubao chini ya bati la paa, 205 za uso, 26 za kuingia chini ya ubao, na 12 za upindo wa mwisho. Jumla ni 273. Bati bapa lina upana wa milimita 1,220, kwa hiyo linatoa kanda nne na kubakisha 128 za kutengenezea vipande vya pembe. Fundi anayekata bila hesabu hii hupata kanda tatu na rundo la vipande visivyo na kazi.

Kinachofuata ni mpangilio wa mikunjo, na ndipo wengi wanapokwama. Upindo unatangulia. Ubapa wa mashine unalaza ukingo hadi unapokataa, kisha ukanda unatolewa, ukingo uliolala unaingizwa chini ya taya, na taya zinaufinya hadi ufunge kabisa. Ukianza na mkunjo mwingine wowote, upindo hautaingia tena. Baada yake unakuja mkunjo wa chini, halafu wa juu. Upande wenye rangi unatazama chini muda wote, kwa sababu ubapa unakunja kwenda juu na kilichokuwa chini ndicho kinachobaki nje. Akigeuza mara moja kwa kujisahau, ukanda mzima hauna tena pa kuwekwa isipokuwa kwenye rundo la vipande.

Upindo unaonekana kama urembo, lakini ndio unaobeba kazi. Bati jembamba lenye ukingo mkavu linapepea. Lenye upindo linanyooka kama ukingo wa kanzu ulioshonwa vizuri. Upindo pia unaificha sehemu iliyokatwa, ambayo haina rangi na ndiyo inayopokea chumvi kwanza, na unamwokoa anayesafisha mfereji asikatwe vidole. Nikikagua kazi ya fundi, naupapasa upindo kwanza. Ukiwa umefunga sawasawa kutoka ncha hadi ncha, najua taya za mashine zilirekebishwa. Ukiwa wazi katikati na kufunga pembeni, mashine imelegea na mikunjo mingine yote itakuwa na tumbo.

Kuna mambo madogo ambayo mashine haimfanyii fundi. Alumini ikikunjwa hadi nyuzi 90 na kuachwa, inarudi nyuma kidogo, kwa hiyo lazima ipitishwe kidogo ili ikitulia iubane ubao. Mstari wa kukunjia usichorwe kwa msumari, kwani mkwaruzo unapasua rangi pale pale inapovutwa zaidi. Wala usichorwe kwa penseli ya risasi: kaboni ya penseli ikikutana na alumini na unyevu wa chumvi inaanzisha kutu ya umeme, na baada ya muda mstari wa penseli unasomeka kwenye bati kama umechongwa. Alama mbili ndogo za mkasi kwenye ncha zinatosha. Taya zenyewe ni rula. Na si kila alumini inakunjika. Ile ya fremu za madirisha imetiwa ugumu kiwandani na inakatika ukiilazimisha. Ya kukunjia ni laini zaidi.

Jua la Unguja nalo linadai haki yake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukanda wa mita 2.44 uliopoa hadi nyuzi 25 alfajiri na kufika 65 saa nane mchana unaongezeka milimita 2.3 hivi. Ni kidogo kwa macho, lakini ukanda uliopigiliwa kwa nguvu ncha zote mbili hauna pa kuziweka, na uso wake unajaa mawimbi yale yale ya nyundo ambayo mashine iliyaepuka. Tundu la katikati peke yake ndilo la kukaza. Mengine yanatobolewa marefu kama matundu ya vifungo vya shati, na msumari unaachwa ukigusa bila kubana. Kanda zinapandana kwa milimita 30 hivi, na mdomo wa mpandano unageuziwa mbali na upepo. Kwenye ukuta unaotazama kusi, upepo unaovuma kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, mdomo uliogeuziwa vibaya unakuwa mlango.

Huko Mbweni kazi ingeishia hapo. Mjini inaanza upya, kwa sababu ya chokaa.

Alumini inalindwa na utando wake mwembamba wa oksidi, ambao ndio unaoifanya istahimili hewa ya bahari. Utando huo unadumu mahali pasipo na ukali sana wa tindikali wala wa magadi. Chokaa mbichi iko mbali na mpaka huo, kwenye pH 12 na ushei, na saruji mbichi ni hivyo hivyo. Alumini tupu iliyozikwa kwenye lipu mbichi inaanza kuliwa papo hapo, kwa mapovu ambayo mwashi anaweza kuyaona. Chokaa ya zamani iliyokomaa haina ukali huo, lakini katika Mji Mkongwe kuta zinapigwa lipu na kupakwa chokaa upya kila mara, na maji ya mvua yanateremka na chokaa hiyo hadi kwenye bati. Kwa hiyo sehemu yoyote ya alumini inayogusa ukuta ipakwe lami kwanza, au ifungwe kwa karatasi ya lami. Misumari ya shaba ni marufuku. Ya chuma tupu itaoza na kuila alumini iliyo kando yake. Skrubu za chuma kisichoshika kutu, zenye mpira, ndizo zinazokaa.

Wengine wataona heri kuachana na alumini na kukunja bati la aluzinki, ambalo viwanda kama ALAF ya Dar es Salaam vinaliuza: ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki karibu yote iliyobaki, na silikoni kidogo. Ni la bei nafuu na ni gumu zaidi. Lakini chuma hiki ni kizito karibu mara tatu, mashine ya kubebeka inakikunja kikiwa chembamba tu, na kwenye upindo uliofinywa mpako wake unapasuka. Kutu itaanzia hapo. Na chokaa inaudhuru mpako huo vilevile.

Sasa, ivikwe nini? Hapa natofautiana na mafundi wanaotaka kuvika kila ubao wanaouona. Zahanati ya zamani ya Ithnasheri pale Malindi, iliyojengwa kwa fedha za Tharia Topan na kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni katika miaka ya 1990, ina roshani na mbao za pembeni zilizotobolewa nakshi kama lesi. Ubao wa aina hiyo umekatwa ili maji yadondoke kwenye ncha zake, na umeachwa wazi pande zote ili ukauke. Ukiuvika bati, nakshi inapotea, na hilo peke yake lingetosha kukataliwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ambayo kibali chake kinahitajika kwa kazi za namna hii. Lililo baya zaidi halionekani: maji yakishapenya nyuma ya bati hayatoki, na msaji uliodumu miaka mia hewani unaoza gizani. Nyumba nyingi ndogo za mjini zina mbao kama hizo bila sifa yoyote ya kitalii, na ushauri ni ule ule.

Kazi halali ya mashine hii mjini iko juu, mahali ambapo mtalii hapapigi picha: mifereji, mabonde, kofia za kingo za paa, na hasa bati la kuziba pale paa linapogota ukuta. Hili la mwisho ndilo linaloharibiwa zaidi. Fundi hukunja kipande kimoja chenye umbo la pembe, akakilaza nusu juu ya bati na nusu ukutani, akakipigilia ukutani na kukimalizia kwa saruji. Saruji haishikamani na chokaa kwa muda mrefu. Ni ngumu kuliko ukuta, inapasuka kwenye maungio, na ufa wake unayavuta maji moja kwa moja hadi nyuma ya bati.

Vipande viwili ndivyo vinavyofaa. Cha chini kinapanda ukutani milimita 150 na kulala juu ya bati kiasi hicho hicho, bila msumari hata mmoja ukutani. Cha juu ni kifupi: mkunjo mmoja unaingia milimita 25 ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ungio la mawe, uso unashuka na kukifunika cha chini kwa milimita 80 hivi, na ukingo wake unamalizwa kwa upindo uliotokezwa nje kidogo ili maji yadondoke. Sehemu inayoingia ukutani inapakwa lami, inakazwa kwa kabari, na mfereji unazibwa kwa chokaa. Paa likitanuka kwa jua, kipande cha chini kinateleza chini ya cha juu bila kuuvuta ukuta. Na mabati yakichakaa, kama yanavyochakaa upesi kando ya bahari, fundi atayatoa pamoja na kipande cha chini na kuweka mapya, bila kugusa lipu.