Kwa Nini Kitambaa cha Keïta Hakiushindi Uso

Mwanafunzi wa picha za watu huambiwa mapema kwamba kilicho nyuma ya uso kiwe kitulivu. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifanya kinyume: nyuma ya mwanamke mwenye gauni la maua alitundika kitambaa cha maua. Mbona uso haupotei?

Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani mwake. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, kwa kamera ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu. Kila kitu kilipangwa kabla ya kidole kubonyeza.

Nilijaribu mpango huo Kicukiro, mjini Kigali, kwa simu, jirani yangu fundi cherehani akiwa mteja, kitenge kikining'inia kwenye kamba. Adhuhuri jua la Kigali liko utosini, macho yake yakawa mashimo meusi. Tukajisogeza barazani, kivulini. Hapo udongo wa uani ukamrudishia wekundu chini ya kidevu. Nikatandika shuka jeupe mbele ya miguu yake: wekundu ukaondoka, na nukta ya mwanga ikaingia kwenye mboni.

Hata hivyo picha haikufanana na za Keïta. Simu ilikuwa imetia ukungu kwenye kitenge, kama inavyopenda kufanya kwa picha za watu. Kwa Keïta, kitambaa husomeka ua kwa ua. Nilipouzima ukungu huo, siri ikaonekana. Maua yako nyuma, maua yako mwilini. Palipobaki bila nakshi ni usoni na mikononi tu. Jicho huzunguka likachoka, kisha likatua hapo. Pengine ndiyo maana Keïta aliipanga mikono ya wateja kwa uangalifu kama alivyopanga nyuso, na kuwageuza mabega kidogo pembeni.

Mwishowe nikajiwekea sharti lake: picha moja. Fundi akaketi, mkono gotini, futi yake ya kupimia ikiwa kiganjani. Nikabonyeza. Uso umetoka safi, lakini jicho linakimbilia kwenye zile namba za futi. Nakshi niliiruhusu mahali pa utulivu.