Jicho la Fundi Rangi

Kupaka nyumba mpya ni kazi inayoonekana, na kila mpita njia huisifu. Ninayotaka kuisifu hapa ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani kabisa: kuziba kiraka kwenye ukuta wa zamani, rangi ikaafikiana na ya mwanzo hata mgeni asijue kwamba pale palibomolewa.

Makoko, pembeni mwa mji wa Musoma, kazi hii haikosekani. Pana majengo ya misheni na ya seminari yaliyokwisha kula miaka mingi, na pana nyumba za watu zinazoongezwa chumba kila mwenyewe anapopata fedha. Bomba linavuja ndani ya ukuta, fundi bomba anachimbua plasta, anaziba, anaondoka. Anaitwa fundi rangi. Makopo ya zamani yalishatupwa, na mwenye nyumba anakumbuka jambo moja tu: ilikuwa krimu. Krimu ipi? Ziko nyingi kuliko anavyodhani.

Fundi makini huanza na kitambaa chenye maji. Anafuta vumbi la barabarani na moshi wa jikoni kwanza, kwa kuwa akilinganisha na uchafu, siku ukuta utakapooshwa kiraka kitajitokeza. Kisha anasogeza kabati. Nyuma ya kabati ndiko ilikojificha rangi ya siku ya kwanza, na hapo anaona jua limekula kiasi gani upande wa dirishani. Anayotakiwa kuitengeneza si ile ya nyuma ya kabati. Ni ya leo, iliyopauka.

Halafu anachanganya. Krimu si nyeupe na njano tu. Ukiishia hapo utapata ukuta unaopiga kelele. Kwenye nyeupe huingia njano iliyotulia, ile itokanayo na oksidi ya chuma, halafu nyekundu kidogo ya ukoo huo huo, na mwisho nyeusi kwa ncha ya kijiti. Nyeusi ndiyo humfichua asiyejua. Ikizidi kwenye njano, rangi inageukia ukijani, na kuirudisha kunataka nyeupe nyingi mpaka kopo la lita 4 linahamia kwenye ndoo. Ndiyo maana nzito huongezwa kwenye nyepesi, kidogo kidogo, huku ukikoroga mpaka chini. Rangi za oksidi ya chuma zina sifa nyingine: hazififishwi na jua upesi. Nyekundu na njano nyingi zenye kung'aa sana huanza kufifia nje mapema, na kila mwaka unaopita unamwongezea fundi ugumu.

Rangi ikiwa mbichi hudanganya. Rangi ya maji ina gundi yenye weupe ambao hutoweka maji yakishatoka, kwa hiyo ikikauka hukolea kuliko ilivyokuwa koponi. Fundi anapaka kidogo kwenye kipande cha ubao, anasubiri kikauke vizuri, ndipo anakipeleka ukutani. Kungoja huko ni sehemu ya ufundi. Wateja wengi huona anakaa tu.

Maduka makubwa ya rangi siku hizi yana chombo kinachomulika kipande cha rangi na kupima mwanga unaorudi, kuanzia urujuani hadi wekundu, kisha kompyuta inapiga hesabu ya matone ya kila rangi. Naiheshimu elimu hiyo. Mwaka 1931 Paul Kubelka na Franz Munk walichapisha hesabu ya jinsi tabaka la rangi linavyonyonya mwanga na kuutawanya, na mpaka leo wachanganyaji wa rangi huitegemea. Mwaka huo huo ulikubaliwa kimataifa mfano wa jicho la kawaida la binadamu, uliotokana na majaribio ya W. D. Wright na John Guild huko Uingereza. Waliotazama walikuwa watu 17. Macho ya watu 17 yamekuwa kipimo cha rangi duniani kote, na kwa kweli yamefanya kazi vizuri.

Lakini chombo kinaona kipande kidogo tu, tena kwa mwanga kiliopangiwa. Ukuta unaishi na mianga yote. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa saa sita mchana, taa ya manjano ikiwashwa usiku zikaachana. Kwa hiyo fundi huitazama sampuli mchana na huitazama tena chini ya balbu ya chumba chenyewe. Haitazami juani moja kwa moja, kwa kuwa jua kali huchosha jicho. Wala chini ya mwembe, kwa kuwa majani huchuja mwanga na kuutia ukijani. Anasimama kwenye kivuli cha ukuta, anga likiwa wazi juu yake. Kwa nyumba inayotazama ziwa huiangalia jioni pia, maana jua la Musoma huzama upande wa ziwani, na saa hizo mwanga wake wa manjano huzipiga kuta kwa ubavu na kufichua kila kasoro.

Hata rangi ikilingana, bado kuna ngozi ya ukuta. Plasta mpya hunywa rangi kuliko ya zamani, hivyo bila mkono wa kwanza wa kuzibia vinyweleo, kiraka hubaki na mng'ao tofauti. Palipopakwa kwa rola hapafanani na palipopakwa kwa brashi. Na fundi akiona rangi imekaribia lakini haijafika, hapaki kiraka peke yake: anapaka kutoka kona hadi kona. Kwenye kona mwanga hubadilika wenyewe, na jicho hupoteza uwezo wa kulinganisha. Kwangu mimi huo ndio upeo wa kazi hii, kujua lini uilazimishe rangi na lini ulitumie jicho la mtazamaji.

Ujuzi wote huu kwa kawaida hulipwa kwa mita ya mraba, kana kwamba kiraka cha mita moja ni kazi ya mita moja. Si haki. Ukimwita fundi kwako, mpe siku ya kujaribu, na siku hiyo umlipe. Usimharakishe sampuli haijakauka. Kazi ikiisha, andika nyuma ya mlango wa stoo jina la rangi, namba yake na mwezi ilipopakwa, ili fundi atakayekuja baada ya miaka kumi awe na pa kuanzia.