Pongezi kwa wanaotibu majeraha ya risasi Turkana

Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kwa majeruhi wa vita vya Sudan. Mwaka 2006 ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Kazi ile haikwisha, kwani wizi wa mifugo bado unaleta majeruhi, na wanaowapokea Lodwar na Kakuma wanastahili pongezi zetu zote.

Chukua kifua kilichotobolewa. Hewa na damu hujaa kando ya pafu, nalo likasinyaa. Wengi hudhani ni lazima kifua kipasuliwe, kumbe majeruhi wengi hupona kwa mpira mmoja tu, unaopitishwa katikati ya mbavu hadi kwenye chupa yenye maji. Chupa hukaa sakafuni, chini ya usawa wa kifua. Muuguzi huinama: "Mzee, kohoa kidogo." Povu likitokea majini, hewa inatoka. Huo ni ustadi mkubwa, na unafanywa usiku wa manane bila makofi.

Tumbo ni zito zaidi. Risasi ikipenya, mara nyingi hakuna budi kupasua, kukagua utumbo wote na kushona kila tundu. Hapo saa za njiani ndizo zinazoua, na Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120.

Watu wa Kanamkemer, hapo Lodwar, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini kwenu. Nendeni mkachangie damu. Na mkimkuta aliyechomwa mkuki au kisu, msikichomoe kilichoingia. Kizuieni kisitikisike, mumkimbize hospitalini.