Karatasi ya Dakika Moja

Mbwa alikuwa Shih Tzu wa miaka saba, manyoya yamegandana chini ya macho yote mawili. Mwenye mbwa, mama wa Kikongo anayeishi Sharpstown, kusini-magharibi mwa Houston, aliniomba nimsindikize kama mkalimani. "Macho yake iko inatoa usaha kila asubui," alinieleza ndani ya gari, tukiifuata Bellaire Boulevard. Ndani ya miezi minne mbwa huyo alikuwa amemaliza chupa tatu za matone ya antibiotiki, zote kutoka kliniki moja ambayo sitaitaja. Kila chupa ilikausha usaha kwa siku chache, kisha ukarudi.

Kliniki ya pili daktari hakugusa chupa yoyote. Hata pamba ya kufutia usaha aliiweka kando kwanza. Alichukua kijikaratasi chembamba, akakikunja ncha, akakichomeka nyuma ya kope la chini, akatazama saa. Dakika moja ilipotimia, unyevu ulikuwa umepanda milimita 3. Mbwa mwenye machozi ya kutosha hufikisha 15 na kuendelea. Usaha haukuwa ugonjwa, ulikuwa matokeo tu: tezi za machozi zilikuwa zimekauka, na antibiotiki haitengenezi machozi.

Daktari yule si bingwa wa macho. Ni daktari wa kawaida wa mbwa na paka, wa chanjo, kuhasi na meno. Nilipomuuliza wapi alizoea kuanza na karatasi, alijibu kwamba ni katika mafunzo endelevu, yale ambayo bodi ya leseni ya Texas humtaka kila daktari wa mifugo ayahudhurie kwa saa maalumu. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia mafunzo hayo yanafundisha nini hasa.

Nilitarajia orodha ya magonjwa. Nilichokuta ni mpangilio. Somo la macho likifundishwa vizuri, humwambia daktari kipi kitangulie kipi, kwa sababu katika jicho kipimo kimoja huharibu kingine. Unaanza kwa mkono mtupu: je, mbwa anapepesa ukimpelekea kiganja, na mboni inasinyaa ukiimulika? Kisha karatasi ya machozi, kabla ya tone lolote, maana tone la dawa au maji ya kuoshea huilowesha karatasi ikakudanganya, na dawa ya ganzi hupunguza machozi. Baada yake rangi ya fluoresini kutafuta kidonda. Kisha presha ya jicho. Dawa ya kutanua mboni huja mwisho kabisa, kwa kuwa mboni ikishatanuliwa huwezi tena kuipima kwa mwanga, na jicho lenye glakoma linaweza kupandishwa presha zaidi. Ukivuruga mpangilio huu, mashine ya maelfu ya dola haikusaidii.

Karatasi yenyewe ni ya zamani. Mjerumani Otto Schirmer alieleza kipimo hicho mwaka 1903, kwa macho ya binadamu. Kwa mbwa ilipata maana mpya miaka ya 1980, pale Renee Kaswan wa Chuo Kikuu cha Georgia alipofuatilia kwa nini tezi za machozi za mbwa hufa. Aliona kwamba mara nyingi kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia. Akajaribu saiklosporini, dawa iliyotokana na fangasi wa udongo wa Norway na iliyokuwa ikitumika kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Mbwa wakaanza kutoa machozi yao wenyewe. Kabla ya hapo, mbwa ambaye matone hayakumfaa alifanyiwa upasuaji wa kuhamisha mrija wa mate kutoka kinywani hadi jichoni, akawa anatokwa na machozi kila anapoona chakula. Si mzaha, upasuaji huo upo mpaka leo kwa wale ambao dawa imewashinda. Marhamu ya saiklosporini ya mbwa iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Ya binadamu ilifuata mwaka 2002. Mara hii mbwa walitangulia na sisi tukafuata.

Lakini dawa hiyo haina kazi kwa daktari asiyepima. Ndiyo maana mafunzo hurudia karatasi hadi wanafunzi wachoke.

Rangi nayo ina mafunzo yake. Tone la fluoresini huganda palipochubuka, na chini ya taa ya bluu kidonda hung'aa kijani. Hilo kila mtu analijua tangu chuoni. Kinachosahaulika ni kidonda chenye kina kirefu. Konea ya mbwa ina unene wa kama nusu milimita na ushee, na utando wa mwisho kabisa, ule unaozuia jicho lisipasuke, haushiki rangi. Kwa hiyo ukiona duara la kijani lenye katikati nyeusi, safi, inayopendeza, usifurahi. Hapo jicho limebakiza utando mmoja, na mbwa huyo ni wa kupelekwa kwa bingwa siku hiyo hiyo. Kosa la pili ni la kabati la dawa: chupa ya antibiotiki pekee na ile iliyochanganywa na steroidi hufanana kama pacha. Steroidi juu ya kidonda cha konea inaweza kukigeuza tundu. Hivyo rangi kwanza, chupa baadaye.

Kwenye presha, somo ni la mikono zaidi ya kifaa. Kipimo cha kawaida cha mbwa ni kati ya milimita 10 na 25 za zebaki. Msaidizi akimshika mbwa kwa shingo, au daktari akibana kope kwa vidole, namba hupanda, na glakoma ya uongo huandikwa kwenye faili. Ya kweli haina subira: presha ikishapita 50, siku moja au mbili zatosha kuzima jicho kabisa.

Lawama yangu iko hapa. Mfumo wa mafunzo endelevu huhesabu saa, na saa hupatikana hata kwa kukaa kitini ukisinzia mbele ya slaidi. Mafunzo yenye maana ni yale ya vitendo ya mchana, meza zikipangwa na macho ya nguruwe kutoka machinjioni, kila mmoja akishona konea kwa uzi mwembamba kuliko unywele huku akitazama kwa miwani ya kukuzia. Mkono hutetemeka, uzi hukatika, unaanza upya. Ndipo daktari anajua mpaka wake uko wapi, na kujua wakati wa kumwandikia mgonjwa rufaa ni nusu ya elimu yenyewe. Kwa Houston rufaa si shida kubwa: chuo cha mifugo cha Texas A&M, kilichoanza 1916, kiko College Station, kama kilomita 150 tu, na mabingwa wa macho wana chama chao cha kitaifa tangu 1970.

Morogoro, Tanzania, au Kabete, Kenya, si hivyo. Kenya ina utaratibu wa pointi za mafunzo endelevu chini ya bodi yake ya madaktari wa mifugo, lakini bingwa wa macho ya mbwa ni wa kutafutwa kwa tochi. Tena huwezi kubeba somo la Texas zima zima. Mbwa wa Houston mwenye macho yaliyotanda ukungu wa bluu, unawaza kwanza presha. Mbwa aliyetoka kwenye pori la mbung'o akiwa hivyo hivyo, na homa juu, unachukua damu ukatafute vimelea vya nagana kwenye hadubini, kwa sababu navyo huitia konea ukungu.

Yanayosafiri vizuri ni yale ya bei nafuu. Karatasi ya Schirmer. Rangi. Na maji ya damu ya mbwa mwenyewe: unatoa damu, unaizungusha kwenye mashine ya maabara, unachukua yale maji ya juu na kuyadondosha kila saa moja au mbili kwenye konea inayoyeyuka, ili kuzuia vimeng'enya vinavyoitafuna. Hakuna kliniki ya mkoa isiyoweza kufanya hivyo ikiwa na umeme.

Shih Tzu wa Sharpstown alianzishiwa marhamu ya saiklosporini mara mbili kwa siku, na mama aliambiwa wazi kwamba ni dawa ya maisha. Wiki ya sita karatasi ilisoma milimita 11.

Basi msomaji mwenye mbwa, uwe Houston au Mwanza: mbwa wako akitoa usaha wa macho usioisha, kabla hujapokea chupa ya nne, muulize daktari kwa adabu kama machozi yamepimwa.